Jeni ya Bi Mwavita

I

Mlango wa Bi Mwavita haukuhitaji hodi. Fundi aliyeufunga aliufundisha sura za watoto wa nyumba, na kwa kuwa watoto wa nyumba hiyo walikuwa karibu vijana wote wa Ujiji, kazi ya kuufundisha ilimtoa jasho. Kijana akikanyaga kizingiti, jicho dogo lililopachikwa juu ya fremu lilimtazama, kitasa kikalia kidogo, na mlango ukafunguka wenyewe. Wageni walisimama nje wakabisha kama watu wanavyobisha siku zote. Watoto waliingia.

Ndivyo alivyoingia Sudi mchana ule, viatu mkononi, akapita sebuleni bila kutazama kushoto wala kulia, akafika jikoni na kufunua sufuria.

"Leo kuna mgebuka, au tumefunga na hatukuambiwa?"

Bi Mwavita alikuwa uani anachambua dagaa, kichwa wazi, nywele zake za mvi zimesukwa twende kilioni. Hakunyoosha mkono kuutafuta mtandio. Mwanamke hajifuniki mbele ya mwanawe.

"Funua ya pili," akamjibu. "Hiyo ni ya mawese matupu, haina samaki."

Sudi hakuifunua ya pili. Aliirudishia hata ile ya kwanza kifuniko chake, taratibu, akatoka uani na kuchuchumaa ukutani. Hapo ndipo Bi Mwavita alipojua kwamba jambo limeharibika, kwa maana tangu alipoota meno kijana huyu hajapata kukiacha chakula kwenye nyumba hii.

Habari yenyewe akaieleza kwa mafungu, huku akivunjavunja kijiti. Posa yake kwa Nyota ilikuwa imekwisha kupokelewa kwao binti, na mahari imetajwa. Leo asubuhi babu yake Sudi, Mzee Kashindi, aliyemlea tangu wazazi wake walipohamia ng'ambo ya ziwa, ameisimamisha. Amesema haozeshi ndugu kwa ndugu. Sudi alipouliza undugu huo umetoka wapi, mzee akanyoosha mkono wake upande wa nyumba hii.

"Amesema mimi na Nyota ni ndugu wa kunyonya," Sudi akasema. "Amesema tumenyonya kwako."

Bi Mwavita akaendelea kuchambua dagaa. Vidole vilifanya kazi, macho hayakuona.

II

Sudi hakuwa mtoto wa kumzaa, na kwa kweli ya Mungu hajapata kuliweka mdomoni titi la Bi Mwavita. Ili mtu aelewe ilikuwaje hata mji mzima ukasema vile, inabidi arudi nyuma hadi wakati wa Mkausho, ule ugonjwa wa kuharisha.

Ndani ya kila chembe hai ya mwili wa mtu mna maandishi marefu, na kila fungu la maandishi hayo, linaloitwa jeni, ni maelekezo ya kutengeneza kitu fulani. Jeni ya habari hii wataalamu waliipa jina la FUT2. Yenyewe hutoa maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya, na kimeng'enya hicho ni kama fundi mdogo sana anayetunga shanga. Shanga zake ni sukari. Mafundi wengine huzifunga moja baada ya nyingine, na uzi wao hutandazwa juu ya ukuta wa utumbo, na mwingine humiminwa ndani ya maziwa ya mama. Fundi huyu wetu hufunga shanga moja tu, ile ya mwisho, iitwayo fukosi. Akikosekana yeye, uzi hubaki bila kichwa.

Kirusi cha Mkausho kilikuwa kinaishika shanga ile ya mwisho kama mtu anavyoshika mpini wa jembe. Kikishaishika, mgonjwa aliharisha mpaka macho yakazama. Ndipo ikaletwa sindano ya kuizima jeni. Pasipo shanga, kirusi hakina pa kushika. Vijana wenye masanduku ya barafu wakapita nyumba kwa nyumba, wakachoma wakubwa kwa wadogo, na ugonjwa ukaondoka mjini kama moshi.

Ila hakuna aliyeyakumbuka maziwa. Ile shanga waliyoizima ndiyo chakula cha bakteria wema wanaokaa tumboni mwa mtoto mchanga na kuliandaa tumbo lake kwa dunia. Wanawake wakazaa, wakanyonyesha, matiti yamejaa, na watoto wakasinyaa hivyo hivyo. Kila upepo mdogo uliwaangusha.

Dakta Feza, ambaye wakati huo alikuwa binti aliyetoka kumaliza masomo yake, akatengeneza kiraka. Kilikuwa chembamba kama jani la mchicha. Mama alikibandika chini ya titi, kikayeyuka, kikapeleka nakala ya jeni nzima kwenye tezi za maziwa tu, utumbo ukabaki salama. Akawaita kina mama, akawaeleza. Wakamsikiliza kwa adabu yote. Kisha mmoja akauliza: "Ni ya nani?"

Akawajibu kwamba si ya mtu. Maandishi yake yanajulikana, mashine imeyachapa.

Wakaondoka. Maziwa ya kunyonyesha si maji ya bomba. Anayenyonyesha mtoto wa watu hujulikana kwa jina lake, ili watoto wake na huyo wasije wakaoana kwa kutojua. Kitu kisicho na mwenyewe, wakasema, hatukitii katika titi. Na watoto wakaendelea kusinyaa.

Basi Dakta Feza akatafuta mwenyewe. Katika mji wote alimpata mtu mmoja ambaye sindano haikumpata, naye ni Mwavita. Sindano zilipopita, Mwavita alikuwa ndani, katika eda ya mumewe Bilali, na wachomaji walikuwa wanaume tu. Alikataa kutokea mbele yao, nao kwa heshima ya eda wakaupita mlango. Mkausho haukuupita. Ulimshika yeye na binti yake mchanga, Zuhura, ukamwachia yeye roho na kumchukua Zuhura. Maziwa yakaendelea kuja kwa mtoto asiyekuwepo. Watu wa afya walimwambia ayakamue yakamwagwe kwenye shimo la chokaa, kwa sababu ni maziwa ya mgonjwa. Akakamua, yakamwagwa, mpaka yakakauka.

Ndipo, baadaye sana, Dakta Feza akaja na kijiti chenye pamba, akamwomba afungue mdomo ili amkwangue ndani ya shavu.

Kiraka kikapata jina, na kina mama wakakibandika. Watoto wakanenepa. Idi ya kwanza iliyofuata, bila mtu kuwaita, kina mama wakaja kwa Mwavita na watoto mgongoni, wakamwekea mapajani mmoja baada ya mwingine, wakisema: mpe mkono mama yako.

Hakuna sheikh aliyeulizwa. Haikuonekana kama jambo la kuuliza. Watoto wale wakakua wakiingia kwake bila kubisha, na ndio hao sasa waliofika umri wa kuoana. Sudi na Nyota walikuwa wa kwanza.

III

Mzee Kashindi alikuja kesho yake, akabisha hodi. Bi Mwavita akajifunga mtandio, akatoka barazani, akamtandikia mkeka. Mzee huyu alikuwa rafiki wa marehemu Bilali, na mpaka leo alimwita shemeji.

"Hata chai hunipi, shemeji?" akasema alipokaa. "Au ndiyo nimekwisha kuwa adui?"

"Adui ningemtilia sukari nyingi akapate kisukari. Wewe nitakupa ya tangawizi."

Mzee akacheka, na kicheko kikafa njiani. Akaishika bilauri bila kunywa. Bi Mwavita aliona kwamba mzee hakulala. Hakuwa mtu mbaya, na kama angekuwa mbaya mambo yangekuwa mepesi. Alikuwa amemlea yule kijana kwa mikono yake, na aliogopa kumtia dhambini kwa mikono hiyo hiyo.

Akaanza mbali. Akamsifu Nyota, akawasifu wazazi wa Nyota, akasema kwamba Sheikh Hilali amekwisha kuwaandikia wanazuoni wa miji mingine, nao wamegawanyika. Wapo wanaosema jeni si maziwa, na wapo wanaosema kilichomjenga mtoto ndicho kilichomjenga, kiwe na sura gani. Sheikh ameona kwamba jambo lisilo na andiko la wazi litarudi kwenye nia ya aliyetoa. Ijumaa, baada ya sala, watakutana nyumbani kwake Kashindi, na Bi Mwavita ataulizwa.

"Nitaulizwa nini?"

"Iwapo siku ile ulitoa kama mama anavyotoa titi, au kama jirani anavyotoa kaa la moto." Mzee akaiweka bilauri chini. "Mimi nina swali langu, shemeji, na nakuuliza hapa tukiwa wawili ili nisikufedheheshe kule. Umekaa kichwa wazi mbele ya Sudi tangu ameota ndevu. Nimekuona mwenyewe siku za Idi. Nikanyamaza, kwa maana nilijua mtoto yuko kwa mama yake. Sasa kama Sudi ni mwanao, na Nyota ni mwanao, hao hawaoani. Kama si mwanao, basi miaka yote hii ulikuwa unakaa hivyo mbele ya nani?"

Bi Mwavita akauvuta mtandio mbele kidogo.

"Si wewe tu na Sudi," mzee akaendelea kwa sauti ya chini. "Ni vijana wote wanaoingia humo. Nakuomba ulifikiri. Utakalosema nitaliheshimu."

Akanywa chai yake yote kwa mkupuo mmoja, ingawa ilikuwa imepoa, akaaga.

IV

Kituo cha Dakta Feza kilikuwa juu ya kilima, njiani kwenda Kigoma, na paa lake lote lilikuwa vioo vya kunywa jua. Bi Mwavita alipanda kwa miguu. Daktari mwenyewe alikuwa ameanza kuzeeka, macho yake yalisaidiwa na miwani iliyomsomea maandishi sikioni, na alipomsikia mgeni wake akitweta mlangoni akasema bila kugeuka kwamba mtu mwenye watoto wengi kiasi kile hastahili kupanda kilima kwa miguu, angebebwa kwa machela.

"Nataka kuiona," akasema Bi Mwavita.

"Nini?"

"Hiyo jeni. Sijapata kuiona."

Dakta Feza akauambia ukuta jina la jeni, na ukuta ukajaa herufi kutoka juu hadi chini. Zilikuwa herufi nne tu zinazorudiwarudiwa, bila nafasi wala nukta. Bi Mwavita akasogea karibu mpaka mwanga ukamwangukia usoni. Alisoma mstari mmoja kwa kidole, kama anayejifunza kusoma, akaenda wa pili.

"Yangu ni zipi hapa?"

Daktari akavua miwani. Alikuwa na njia nyingi za kulijibu swali hili na akachagua iliyo fupi. Akamwambia kwamba hakuna. Herufi hizi ndizo zilizokuwa kwa kila mtu mjini kabla ya sindano, hata kwa Mzee Kashindi, hata kwake yeye Feza. Walipozimiwa wote, kwa Mwavita hazikuzimwa, basi. Alichokwangua shavuni alikinakili, na nakala ikanakiliwa tena. Katika kiraka hamkuwa na hata chembe iliyotoka mwilini mwa Mwavita.

"Sasa mimi nilitoa nini?"

"Jina. Walitaka jina, nikaja kwako kuomba jina."

Bi Mwavita akakaa kwenye kiti. Ukuta uliendelea kung'aa.

"Usilidharau," daktari akasema. "Kiraka nilikuwa nacho kabla yako, na kilikuwa kizima, na watoto walikuwa wanakufa kikiwa kabatini. Hawakupona mpaka jina lako lilipoingia."

"Wanataka kujua nilinuia nini."

"Hilo mashine zangu hazilipimi. Useme utakavyosema, hakuna wa kukukanusha." Akaivaa tena miwani, akayafuta machozi kwa chini yake kana kwamba ni vumbi. "Mimi nakumbuka kitu kimoja tu cha siku ile. Ulikuwa mdomo wazi na kijiti kimo, ukanishika mkono nikitoe ili uniulize swali."

"Swali gani?"

"Mwavita, ni siku nyingi. Nakumbuka mkono wako ulikuwa wa moto. Swali ulikumbuke mwenyewe."

V

Mji ulikuwa na jibu lake kuhusu siku ile. Katika kila arusi, katika kila akika ya mtoto mchanga, kulikuwa na mwanamke wa kusimulia jinsi Mwavita aliyefiwa na mtoto alivyofungua mdomo, akasema: wachukue, wawe wanangu wote. Bi Mwavita alikuwa ameisikia habari hiyo mara nyingi kiasi kwamba aliiona kwa macho, na sauti ikisema maneno yale ilikuwa sauti yake.

Alhamisi alasiri Nyota alikuja kumsuka. Mlango ukamfungulia, akaingia na kitana na kopo la mafuta ya mawese yaliyosafishwa, akakaa kwenye kibao, na Bi Mwavita akakaa mkekani katikati ya magoti yake. Nyota alikuwa mwalimu wa hesabu na alikuwa na mdomo wa kukata. Aliizoea kazi hii ya kusuka tangu utoto. Leo alifumua msuko mzima kabla ya kusema lolote.

"Wanafunzi wangu wameniuliza kama ni kweli nataka kuolewa na kaka yangu," akasema. "Nikawaambia walete kazi ya nyumbani kwanza."

Bi Mwavita akacheka, kichwa kikatikisika, Nyota akakishika kisiende.

"Tulia, Mama. Nitakupindisha njia."

Akasuka. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na njia ya kwanza ikashuka toka paji la uso hadi kisogoni ikiwa imenyooka.

"Nataka kukwambia kitu, na usigeuke," Nyota akasema. "Kesho ukisema sisi ni wanao, mimi nitakubali. Nitampa Sudi mkono kama kaka, na nitakuja hapa Alhamisi ijayo kukusuka. Nitalia, lakini nitakuja. Nisingependa useme jambo kwa kutuogopa."

Bi Mwavita hakugeuka. Alikuwa anautazama ukuta wa ua, palipoanikwa dagaa, na machozi yalimshuka bila sauti, na Nyota alikuwa nyuma yake hakuyaona, au aliyaona akaendelea na kazi.

Kama binti huyu angemlilia, kama angemsihi, ingekuwa rahisi kumkatalia. Sasa alikuwa ameachiwa mlango wazi kabisa. Kesho angesema maneno ya mji, wawe wanangu, na kila mtu angeitikia kwamba ndivyo. Hata aibu ya kichwa wazi ingefutika. Angekuwa mama wa Ujiji nzima mpaka kufa kwake, na siku ya kufa vijana wale wangemshusha kaburini kama wana wanavyomshusha mama yao. Bei yake ilikuwa watu wawili hawa tu, na mmoja wao amekwisha kuikubali.

Akajilazimisha kurudi kwenye siku ile. Akaondoa sauti za wanawake wa arusi, akaondoa Idi ya kwanza na watoto mapajani. Akabaki na chumba. Kitanda cha kamba. Kanga ya Zuhura imekunjwa juu ya sanduku, haijafuliwa, kwa sababu aliogopa harufu itatoka. Binti mgeni aliyevaa koti jeupe, mikono yake baridi. Kijiti shavuni. Kisha mkono wake mwenyewe ukaushika ule mkono wa baridi, kijiti kikatoka, na yeye akauliza.

"Wataishi?"

Basi. Alipojibiwa kwamba wataishi akafungua tena mdomo. Hakuwataka. Siku ile hakuwa na nafasi moyoni ya kumtaka mtoto wa mtu yeyote, moyo wote ulikuwa kanga moja iliyokunjwa. Kuwataka kulikuja baadaye, walipoletwa, polepole, Idi kwa Idi.

"Nakuumiza?" akauliza Nyota.

"Kaza kidogo upande huu," akamjibu. "Kesho nina safari ya watu wengi."

VI

Sebule ya Mzee Kashindi ilijaa mpaka mlangoni. Wanaume walikaa upande mmoja, wanawake upande mwingine, na Sheikh Hilali, mtu mnene mwenye sauti ndogo, alikaa chini kama wengine ingawa aliwekewa kiti. Bi Mwavita alipoingia, Sudi akainuka kama alivyozoea, akamwendea, akainama kuupokea mkono wake aubusu.

Bi Mwavita akaurudisha mkono ndani ya kanga.

Alifanya bila haraka, na bila kumwangalia. Alivuta pia pindo la mtandio likafunika hata ukingo wa nywele, na akapinda goti akakaa. Sudi akabaki ameinama, mikono mitupu. Kwenye upande wa wanawake mtu mmoja alishusha pumzi. Wapo walioelewa hapo hapo, kabla sheikh hajafungua kikao, na Mzee Kashindi alikuwa mmoja wao.

Sheikh akaeleza suala kwa ufupi, akamgeukia. "Bi Mwavita, tunakuuliza nia yako, na kati yetu hakuna aonaye nia ya mtu. Sema ulilo nalo."

Akasema. Aliwaambia kwamba maziwa yake yaliingia katika shimo la chokaa, yote, na hakuna mtoto wa mji huu aliyeyaonja ila Zuhura, na Zuhura yuko makaburini. Aliwaambia kwamba katika kiraka hamkuwa na kitu cha mwili wake, daktari amemwonyesha, na kwamba maneno yanayosimuliwa kwenye arusi ni mazuri lakini hakuyasema.

"Niliuliza kama wataishi," akasema. "Hilo ndilo nililonuia. Alikuja mtu kama jirani anayeomba kaa la moto, nikampa. Moto ukiwaka kwake ni wake. Sudi si mwanangu. Nyota si binti yangu. Hawana undugu kwangu."

Mzee Kashindi alikuwa ameapa kutouliza swali lake mbele ya watu, na hakuliuliza. Bi Mwavita akalijibu mwenyewe.

"Na kuna jambo la kichwa changu, ambalo mmeliona nyote mnaoingia kwangu. Hilo ni langu, nitalijibu kwa Mola wangu. Niliwapenda, nikasahau kwamba si wangu."

Sheikh Hilali akainamisha uso, na midomo yake ikawa inacheza kwa dua. Mzee Kashindi akavua kofia yake, akaitazama ndani kama anayetafuta kitu, akaivaa.

"Posa iendelee," akasema. "Shemeji, posa iendelee."

VII

Siku iliyofuata Bi Mwavita alisimama mbele ya mlango wake, ndani, akazungumza nao. Fundi alikuwa amemwonyesha namna ya kuufundisha na namna ya kuusahaulisha. Mlango ulimletea sura moja moja kwenye kioo chake kidogo, naye akazitazama. Wasichana aliwaacha. Kila ilipotokea sura ya kijana wa kiume aliitaja jina kamili, na jina la mama yake, kama anayemwombea, kisha akasema: msahau. Kitasa kikalia kidogo, na sura ikaondoka.

Ya Sudi aliiacha ya mwisho. Ilikuwa sura ya mtoto wa shule mwenye pengo la meno. Mlango ulikuwa umemfuata toka hapo, mwaka kwa mwaka, bila kumpoteza.

"Msahau," akasema.

Arusi ikafanyika. Bi Mwavita alikaa na wanawake, akaimba, akala, akarudi kwake mapema. Nyumba ikawa na ukimya ambao hakuuzoea. Wasichana walikuja. Nyota alikuja kila Alhamisi na kitana chake. Vijana wa kiume walikutana naye njiani, wakamwamkia shikamoo kwa heshima, wakiwa hawajui waweke wapi mikono, na yeye akaitikia marahaba na kupita. Hakuwalaumu. Mtu huenda kwa mama yake kwa sababu ni mama yake. Hakuna sababu ya kwenda kwa jirani aliyempa mtu moto zamani.

Mfungo ukaingia, mfungo ukatoka. Asubuhi ya Idi alipika kwa mazoea, sufuria kubwa, migebuka ya kukaangwa na mchuzi wa mawese, halafu akaitazama sufuria na kujiona mjinga. Nyota alikuwa amekuja tangu alfajiri kumsaidia, tumbo lake limeanza kuonekana chini ya dera.

"Jana nimebandikwa kiraka," Nyota akasema huku akigeuza samaki. "Dakta Feza amesema kinawekwa mapema."

"Cha nani?" Swali lilimtoka Bi Mwavita kabla hajalizuia.

"Cha dawa, Mama."

Wakatazamana, wakaanza kucheka, Nyota akalazimika kuepua kikaango kisimmwagikie.

Walikuwa bado wanacheka waliposikia viatu nje. Vilikuwa vingi. Vilipanda barazani, vikasimama. Jicho la juu ya fremu liliwatazama na kitasa hakikulia, kwa kuwa mlango haukumjua hata mmoja wao. Bi Mwavita akabaki na mwiko mkononi. Akangoja wapite. Hawakupita. Mtu akakohoa, wengine wakamsukuma, ikasikika minong'ono ya kugombania nani aanze.

"Hodi," ikaita sauti ya Sudi.

Na nyuma yake zikaitikia sauti nyingine, nzito na nyembamba, zikapandana, vijana wote wa baraza wakiita hodi kama watu waliofika nyumba hiyo kwa mara ya kwanza.

"Hodi, Bi Mwavita," Sudi akarudia. "Kuna mgebuka humo, au tunafunga tena na hatukuambiwa?"

Bi Mwavita aliweka mwiko chini. Mtandio ulikuwa juu ya kamba, akautwaa, fundo likamponyoka, Nyota akasogea kumsaidia, yeye akamzuia. Alilifunga mwenyewe, akalikaza, akapapasa pembeni kuhakikisha kwamba hakuna unywele uliobaki nje.

"Karibuni," akasema, akaenda kuwafungulia kwa mkono wake.